Nieleze Tu: Hotuba kwa Waajiri wa Eneo la Viwanda, Nairobi

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeambiwa nina dakika arobaini za kuzungumzia namna ya kupanga mishahara, na kwamba chakula kiko tayari chumba cha pili. Harufu ya pilau imeshanifikia hapa mbele, kwa hiyo najua nashindana na nani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja si mbali na hapa. Sitakitaja, maana bado kipo na huenda kina mtu wake humu ndani. Ilikuwa tarehe 27, siku ya kufunga mishahara, nami nilikuwa na haraka. Nikaamuru kompyuta ichape orodha nzima, kurasa sita, majina na tarakimu, kisha nikaenda kwenye printa yangu kuzichukua. Hakuna kitu. Nikarudi, nikabonyeza tena. Hakuna. Nilipobonyeza mara ya tatu ndipo nikatazama skrini vizuri, nikaona nilikuwa nimechagua printa ya stoo.

Nilikimbia. Viatu vya kisigino nilivivua kwenye ngazi. Nilipofika stoo nilikuta watu tisa wameizunguka printa kama wanafunzi waliobandikiwa matokeo, na nakala zilikuwa tatu kwa sababu nilikuwa nimebonyeza mara tatu. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee mmoja wa foklifti, mwenye miaka kumi na mmoja pale kiwandani, alinijia na ukurasa wa nne mkononi. Kidole gumba kilikuwa juu ya jina lake: shilingi 17,400. Akakishusha mistari miwili hadi kwa kijana aliyeajiriwa miezi mitatu nyuma, foklifti ileile, zamu ileile: shilingi 24,000. Kijana huyo, mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupanga paleti za juu bila kuangusha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Madamu, mimi sina vita. Nieleze tu."

Sikuweza. Yaliyotokea nilikuwa nayajua: kijana aliajiriwa wakati kiwanda jirani kilikuwa kinanyang'anya madereva wa foklifti, meneja akampa alichoomba. Mzee hakuwahi kuomba chochote. Alikuwa anasubiri nyongeza ya chama cha wafanyakazi na anashukuru. Lakini kujua jinsi jambo lilivyotokea si sawa na kuwa na sababu unayoweza kumtolea mtu mzima huku unamtazama machoni.

Nimefanya kazi ya mishahara miaka mingi tangu siku ile, na leo naulizwa niwaambie namna kampuni inavyopaswa kupanga malipo ya watu wake. Nitawapa kipimo changu mapema ili mwenye njaa aondoke nacho. Tarakimu usiyoweza kumweleza mwenyewe uso kwa uso hukuipanga. Imejitokea tu, nawe ukaitia sahihi.

Tuanze mlangoni. Wengi wenu mnaajiri hivi: mtu anakuja kwenye usaili, mnapendezwa naye, mnamwambia alete slipu tatu za mwisho za mshahara wa kule anakotoka. Mnaona alichokuwa akipata, mnaongeza asilimia kumi au ishirini, mnapeana mikono. Mnakumbuka kipande? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba cheti ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mle ndani mliandikwa mwajiri, kazi na mshahara. Bwana mpya alifungua kijaluba akasoma bwana wa kwanza alikuwa akilipa nini, na bei ya yule mtu ikawa imeshajulikana kabla hajafungua kinywa. Ninapoona tangazo la kazi linalodai slipu tatu za mwisho, ndicho ninachokiona: kijaluba kisicho na kamba. Aliyeanza chini anaendelea kuwa chini kila anakohamia. Mara nyingi huyo ni mama aliyekatiza kazi akalea, au kijana aliyeanzia mahali pa mshahara wa mkia wa mbuzi. Slipu ya jirani inakwambia jirani alilipa nini. Kuhusu kazi unayoitoa wewe haina habari yoyote.

Kwa hiyo pima kazi kwanza, mtu baadaye. Mbinu zipo. Ile iliyobeba jina la Edward Hay wa Marekani huangalia maarifa yanayohitajika, ugumu wa matatizo yanayotatuliwa na ukubwa wa dhamana. Ile ya Paterson huzipanga kazi kwa herufi, A mpaka F, kwa kufuata uzito wa maamuzi. Mashirika makubwa ya mjini hununua mbinu hizi kwa pesa ndefu, na sina ugomvi nao. Wewe mwenye watu sitini unahitaji meza, alasiri moja, kadi zenye majina ya kazi, na watu watano wanaozifahamu kazi hizo. Mmoja wa hao watano lazima atoke kwenye mashine. Hilo sijadiliani.

Nitawaonyesha kwa nini. Katika kiwanda cha pili nilichofanyia kazi tulikaa hivyo, kadi ishirini na mbili mezani. Kadi ya mtunza boila ikawekwa chini kabisa, karibu na mfagiaji. Hajui kompyuta, hasimamii mtu, hatii sahihi popote. Kadi ya karani wa mapokezi ikawa juu yake kwa nafasi tano, kwa sababu anazungumza na wateja na ana dawati. Fundi wetu wa mitambo, aliyekuwa kimya tangu chai ya saa nne, akaishika ile kadi ya boila akauliza, "Huyu akisinzia, nini kinatokea?" Mhasibu akasema uzalishaji unasimama. Fundi akasema, "Hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya, hatuna kiwanda." Kadi ikapanda, ikampita karani, ikampita na msaidizi wa manunuzi. Hakuna aliyebisha. Yule mtunza boila alikuwa amefanya kazi miaka saba chini ya watu aliokuwa akiwalinda wasilipuke.

Na msidhani huu ni upole wangu tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Angalieni neno: thamani. Haikusema kazi ileile. Ina maana mwanamke wa upakiaji anaweza kusimama mahakamani akajilinganisha na mwanamume wa stoo, ingawa hawajawahi kushika chombo kimoja, na wewe ndiye utakayeulizwa ulipima vipi. Kama ulipima kwa macho, utajibu kwa macho.

Ukishazipima, zifunge kwenye gredi, na kila gredi uipe sakafu, katikati na dari. Katikati ndipo penye bei ya soko kwa mtu anayeijua kazi. Mgeni anaingia karibu na sakafu, anapanda kadiri anavyoiva, na dari ni ya wale mabingwa wachache ambao wakiondoka mnalia. Mzee wangu wa foklifti, baada ya miaka kumi na mmoja, angekuwa amevuka katikati zamani. Na kama soko limepanda mpaka mgeni hakubali kuja kwa bei ya sakafu, basi gredi nzima imepitwa. Unaiinua pamoja na walio ndani yake. Ukimfungulia mgeni dirisha apitie juu, umewaambia waliokaa kwamba kukaa kwao ndilo kosa.

Nasikia kuna mtu ameguna huko nyuma. Ni ghali, najua. Basi nikusimulie habari za Henry Ford. Januari 1914, huko Detroit, alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya alicholipa awali, na mpaka leo watu humsimulia kama mtu mkarimu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameweka mtambo wa kuunganisha magari kwa mstari, kazi ikawa kukaza nati moja kutwa nzima, na watu wakawa wanaondoka kwa kasi kiasi kwamba kwa mwaka mmoja alihitaji kuajiri zaidi ya mara tatu ya nafasi alizokuwa nazo. Alipiga hesabu ya kufundisha wageni kila wiki, akaona heri alipe. Tena sehemu kubwa ya zile dola aliiita mgao wa faida, na ili uupate wakaguzi wa kampuni walikuja kwako kuona kama nyumba ni safi na kama unalewa. Hapa kwetu mkaguzi huyo angeulizwa amekuja kama nani. Lakini ile hesabu ya kwanza ni ya kuigwa. Ni wangapi kati yenu wanaojua mtu akiondoka kwenye mashine anakugharimu kiasi gani mpaka wa badala yake aivae kazi? Naona mikono miwili.

Kuhusu bei ya soko nitakuwa mfupi. Usiulize cheo, uliza majukumu. Mji huu umejaa mameneja wasiosimamia hata paka, na ukilinganisha "meneja wa mauzo" wako na "meneja wa mauzo" wa rafiki yako mliyekutana klabuni, utakuwa umelinganisha majina ya kadi za biashara.

Sasa tuifungue slipu yenyewe, maana hapo ndipo penye mambo.

Kwa nini slipu ya Mkenya ina mstari wa posho ya nyumba? Chanzo chake ni cha zamani. Waajiri wa kikoloni walipanga ujira wa mjini kwa hesabu ya kapera: mwanamume mmoja, kitanda kimoja, mke na watoto wako mashambani wanajilisha wenyewe. Makazi nayo yakafuata hesabu hiyohiyo. Mkitoka hapa mkapita Muthurwa, mnapita kwenye historia ya landhi za Reli, yaani makazi ya wafanyakazi wake, na jina lenyewe limebaki kwenye barabara ya Landhies. Hesabu ya kapera haikubomoka yenyewe. Mombasa iligoma mwaka 1947. Nairobi iligoma Mei 1950, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh na Fred Kubai, walipokamatwa. Mwaka 1954 kamati iliyoitwa ya Carpenter ikakiri kwamba ujira wa chini unapaswa kupandishwa kwa awamu mpaka umtoshe mtu na familia yake. Tangu wakati huo tumekuwa tukibishana kuhusu "kutosha" ni ngapi, lakini angalau tunakubaliana kwamba mfanyakazi ana watoto.

Leo kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinakutaka umpe mfanyakazi nyumba au pesa za kodi ya nyumba, au mkubaliane kwamba zimo ndani ya mshahara. Na kwenye kima cha chini, posho hiyo ni asilimia 15 juu ya mshahara wa msingi. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 lilimwekea kibarua wa kawaida Nairobi shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ongeza 15 kwa mia, inakuwa 18,530.81. Nimeingia viwandani nikaoneshwa slipu ya 16,200 na mwenye kiwanda akijipiga kifua kwamba amevuka kima cha chini. Hakukivuka. Amekosa zaidi ya elfu mbili kila mwezi, kwa kila mtu, na deni hilo linajilimbikiza. Linasubiri siku mtu mmoja atakapofukuzwa kazi akapata wakili.

Kisha kuna makato. Mchukueni fundi anayepata 60,000 jumla. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF, mfuko wa pensheni, inachukua asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: 1,650. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 900. Hizo zote hutolewa kabla ya kodi ya mapato, hivyo anatozwa kodi juu ya 53,850. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa 10 kwa mia, 8,333 zinazofuata 25 kwa mia, zilizobaki 30. Punguza nafuu ya 2,400, kodi inakuwa 8,538 na senti. Anabaki na 45,311. Nawe, kabla hujamnunulia hata glavu, umetoa 60,000 yake, NSSF yako 3,600, ushuru wa nyumba wako 900, na hamsini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani: 64,550.

Tarakimu mbili hizo, 64,550 na 45,311, ndizo chanzo cha nusu ya ugomvi wa mwisho wa mwezi. Wewe unasema nalipa sitini na kitu. Yeye anasema napata arobaini na kitu. Kila mmoja anasema kweli na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Sasa mpe nyongeza. Umekaa na mhasibu, mmejibana, mmetoa elfu tatu. Wewe zinakutoka 3,225. Yeye, NSSF inakula 180, SHIF 82.50, ushuru wa nyumba 45, kodi 807.75. Zinazofika kwake ni 1,884.75. Umetangaza elfu tatu mbele ya watu, makofi yakapigwa, mwisho wa mwezi amefungua simu akaona elfu moja na mia nane. Atafikiri mhasibu amemwibia. Sasa utaelewa kwa nini watu hawashukuru nyongeza.

Ningefanya mambo mawili. La kwanza, siku ya kutangaza nyongeza nampa kila mtu kikaratasi chenye tarakimu itakayofika mfukoni. Nachukia mshangao katika mambo ya pesa. La pili, naangalia kama sehemu ya ile nyongeza inaweza kwenda kwa umbo lingine. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, chakula unachompa mfanyakazi kwenye kantini yako, au kwa mwenye huduma aliyesajiliwa kulipa kodi, hakitozwi kodi hadi shilingi 5,000 kwa mwezi. Elfu tatu za chakula cha mchana zinafika elfu tatu kamili, tena moto, na maharagwe juu. Bima ya matibabu ya kundi nayo haitozwi. Ila angalizo: usimgeuzie mtu mshahara kuwa sahani bila kumuuliza. Kuna anayeleta ugali wake kwenye kontena kwa sababu ile pesa ya chakula ni karo ya mtoto wa tatu.

Na kabla sijaiacha slipu: sheria inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mikopo ya sako, mikopo ya benki, advansi, kiti cha plastiki alichokikopa kwa chama. Sisi makarani ndio tunaotia sahihi. Nimewahi kuona slipu ambayo mtu mwenye 38,000 anapokea 2,100, na aliyeidhinisha mkopo wa mwisho alifikiri anamsaidia.

Tuje kwenye bonasi na kamisheni, ambapo nina makovu.

Mnamkumbuka Wells Fargo, benki ya Marekani. Iliwapa watu wake malengo ya kuuza akaunti nyingi kwa kila mteja, ikawafuatilia kila siku. Akaunti zikauzwa. Mwaka 2016 ikabainika kwamba karibu milioni mbili huenda zilifunguliwa bila wateja kujua. Benki ikatozwa dola milioni 185 na wafanyakazi wapatao 5,300 wakawa wamefutwa kazi. Hao hawakuzaliwa wezi elfu tano kwa pamoja. Walilipwa kwa kitu kimoja, wakakitoa kitu hicho.

Yangu ilikuwa ndogo zaidi, sabuni. Tulikuwa tukiwalipa wauzaji kamisheni mara tu ankara inapotoka. Desemba ilikuwa sherehe: magari yalitoka yamejaa, chati ya mauzo ikapanda ikagusa fremu, tukalipa kamisheni nono, watu wakaenda nyumbani na mbuzi. Njaanuari ilipofika, nikiwa getini asubuhi, nikaona lori letu linarudi. Limejaa. Nikadhani limekosea njia. Dereva akafungua turubai, zilikuwa katoni zetu zilezile, zingine bado zina alama ya chaki ya stoo. Wauzaji walikuwa wamepatana na wenye maduka wa Gikomba na River Road: chukua tu, usipouza nitakuja kuzichukua mwezi ujao. Hakuna aliyevunja kanuni. Kanuni ndiyo iliyokuwa imevunjika. Tulibadilisha, nusu ya kamisheni mzigo unapotoka, nusu pesa inapoingia benki, na mauzo ya Desemba iliyofuata yalishuka. Mkurugenzi alikasirika mpaka Januari, alipoona lori halijarudi.

Sisemi muache kamisheni. Nasema kabla ya kuitangaza, mpe muuzaji wako mjanja kuliko wote ile kanuni, mwambie, "Tafuta namna ya kupata pesa hizi bila kufanya kazi." Mnunulie chai. Atakupa majibu kabla chai haijapoa.

Na zawadi? Kiwanda kimoja kilikuwa kinatoa kapu la Krismasi: mafuta ya kupikia lita tatu, sukari kilo mbili, unga pakiti nne, majani chai. Mwaka mmoja mhasibu akapiga hesabu kwamba kununua, kupakia na kugawa ni usumbufu, akashauri kila mtu aingiziwe pesa kwenye simu, tena kiasi kilichozidi bei ya kapu. Watu walinuna mpaka Februari. Mimi nami sikuelewa, mpaka mama mmoja wa upakiaji akanieleza: "Kapu nikilibeba kwenye matatu, ploti nzima inajua natoka kazini. Pesa ya simu imelipa deni la simu." Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kilipwe pesa. Pete huonwa na watu. Tangu hapo nimekuwa nikitenganisha mambo haya mawili: cha kumlisha mtu kiende kwenye mshahara, kiwe kamili na kwa tarehe. Cha kumheshimu kibebeke.

Lazima niseme neno kuhusu getini. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutakuwa na vibarua wamesimama nje ya mageti ya barabara hizi, na kuna wenye gredi nzuri kabisa ofisini ambazo zinaishia hapo mlangoni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa vyovyote haitakwisha chini ya miezi mitatu, si kibarua tena. Ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Nimekutana na "kibarua" wa miaka sita. Alikuwa anajua namba ya siri ya kengele ya ofisi kuliko mimi.

Mwisho, pingamizi ninaloletewa kila mara: tukiweka gredi wazi, watu watapigana. Nirudi kwenye stoo yangu. Baada ya ile aibu, jambo la kwanza uongozi ulilofanya ni kuniandikia barua ya onyo, nami niliistahili, kwa kuwa mshahara wa mtu ni siri yake na leo kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ya kunikumbusha. Jambo la pili ni memo kwenye ubao: marufuku kujadili mishahara. Kana kwamba watu tisa wangesahau kurasa sita. Kwa wiki tatu hakuna aliyejadili chochote. Foklifti zilitembea polepole kama zinasindikiza maiti. Hakuna mgomo, hakuna kosa la kuandikia barua, na mizigo ilikuwa inachelewa saa mbili kila siku.

Kilichoivunja ile hali ilikuwa karatasi moja. Meneja mwingine, mwanamke, alibandika gredi zote pale stoo, sakafu, katikati na dari, bila jina hata moja, akasema kila mtu aende kwake peke yake aoneshwe alipo na kwa nini. Watu walipanga foleni siku mbili. Wengine walitoka wamekasirika, wawili wakaacha kazi. Lakini nilikaa kwenye kona ya chumba kile nikiandika kumbukumbu, na sikumsikia mtu akiuliza kwa nini fulani anapata zaidi yangu. Waliuliza, "Ili nifike hapa juu, nifanye nini?" Gredi hazikuwa na jibu zuri kwa kila mtu. Kwa mtunza stoo mmoja jibu lilikuwa kwamba hapo juu hapana nafasi, akaambiwa hivyo waziwazi, akaenda kusomea ukaguzi wa bidhaa.

Mzee wa foklifti alipandishwa kwa awamu mbili, Januari na Julai, akampita yule kijana kwa shilingi mia saba. Mwaka jana nilikutana naye stendi ya Machakos Country Bus, ameshastaafu, amekalia gunia la mbegu akisubiri basi la kwenda kwao. Tukasalimiana, akaniuliza watoto, nikamuuliza goti. Basi likaja. Akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani, akageuka.

"Madamu, na yule kijana, siku hizi anapata ngapi?"

Sikumwambia. Asanteni sana. Maswali tuanze na upande wa dirishani, nimeona mkono umeinuka tangu niliposema posho ya nyumba.